Kiselema, Bunduki Ndogo na Jirani

Wahenga walisema, "Usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima." Katika insha hii ninauliza kama hekima hiyo inaweza kuhamishwa kutoka kwenye jembe hadi kwenye bunduki. Je, bunduki ndogo, kwa sababu tu ni ndogo, ni chombo halali zaidi mkononi mwa mkulima kuliko bunduki kubwa? Kwangu hili si swali la darasani tu. Ninatoka Nhica do Rovuma, wilaya ya Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, ambako mazao huliwa na wanyama kabla hayajafika jikoni, na ambako neno "bunduki" halitamkwi ovyo.

Kwanza nieleze ninazungumzia bunduki gani. Katika risasi za kivita, fataki inayowasha baruti hukaa katikati ya kitako cha ganda. Katika risasi hizi ndogo, fataki imo ndani ya ukingo wa ganda, na bunduki hufyatuka kwa kuugonga ukingo huo. Aina iliyoenea zaidi ina kipenyo cha milimita 5.6 hivi na ilitokea Marekani mwaka 1887. Kichwa chake huwa na uzito wa gramu mbili na nusu hivi. Ganda ni jembamba ili ukingo uweze kubonyea, kwa hiyo halihimili nguvu kubwa ya baruti. Risasi yenyewe ni ya bei nafuu, mlio wake ni mdogo, na haimsukumi mpigaji begani.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Chombo chema ni kile kinacholingana na kazi yake. Kanga akipigwa risasi ya kivita, hakibaki kitoweo; akipigwa kwa hii ndogo, watoto wanakula. Ndezi anayetafuna mpunga na ngedere anayeng'oa mahindi hawahitaji zaidi ya hapo. Tena, mtu anayechagua chombo kisichozidi haja yake amejiwekea mpaka mwenyewe kabla ya sheria kumwekea. Hiyo ni fadhila, nami siibezi.

Lakini kipimo hichohicho kinakata upande wa pili. Wanaomaliza shamba kwa usiku mmoja si kanga wala ndezi, ni nguruwe mwitu na tembo. Kwa hao, risasi ndogo haimalizi kazi, inajeruhi tu. Mnyama huondoka na jeraha akafie mbali kwa maumivu ya siku nyingi, au hubaki kichakani na hasira zake, na atakayekutana naye kesho huenda ni mtoto aliyetumwa maji. Kwa hiyo udogo wa silaha si huruma. Vilevile, kijirisasi kilichokosa shabaha kinaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na mashamba yetu hayana ukuta. Nyuma ya majani yale kuna mtu anapalilia. Kiselema kikiteleza hukata mche mmoja. Hapo ndipo methali inapokataa kuhama.

Kuna kipimo cha tatu, nacho ndicho kizito kuliko vyote: jirani. Tarehe 5 Oktoba 2017 vita vilianza Mocímboa da Praia. Tarehe 24 Machi 2021 vikaifikia Palma, na watu wakatembea porini siku kadhaa kuelekea Nangade na Mueda. Kwa aliyetembea hivyo, mlio ni mlio. Hasimami kupima kipenyo. Mtu anayetokea kichakani na bunduki begani, hata kama ametoka kuwinda kanga, jirani hana njia ya kumjua, na askari pia hana. Silaha aliyoichukua ili alinde mihogo inaweza kumuua yeye mwenyewe bila hata kufyatuliwa.

Plato, katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, anamleta Socrates akiuliza kama ni haki kumrudishia rafiki silaha uliyoiazima kwake ilhali sasa amerukwa na akili. Silaha ni yake, lakini umiliki pekee hautoshi kuifanya haki. Nhica swali hilo linageuka: mkulima ana akili zake timamu, ila mahali alipo ndipo palipobadilika. Mtu anaweza kuniambia kwamba raia wa Cabo Delgado tayari wanashika silaha katika Força Local. Ni kweli, lakini hao wako chini ya amri na wanalinda watu. Hakuna amri inayomfuata mtu aliye peke yake shambani saa nane za usiku.

Kwa hiyo, leo nisingependa mjomba wangu ashike bunduki hiyo. Hata hivyo, kukataa kwangu kuna gharama, na mimi niliye chuoni siilipi. Anayeilipa ni yeye, juu ya dungu, akiamia usiku kucha kwa debe, moto na mbwa, na asubuhi analima akiwa na usingizi. Tukimwambia "usishike bunduki" kisha tukaenda kulala, tumemwibia. Tunadaiwa zamu za kuamia, mashamba yaliyopakana ili macho yawe mengi, na serikali inayofika tembo wanapoingia na kufidia walichokula.

Nchi yetu iliwahi kulielewa deni hili. Baada ya amani ya mwaka 1992, Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa wito wa Askofu Dinis Sengulane, lilianza mwaka 1995 kukusanya silaha kwa wananchi. Halikuwaambia watu watoe silaha tu. Aliyeleta bunduki alipewa jembe, cherehani au baiskeli. Mkono ulioachia silaha haukurudi nyumbani mtupu. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo cha haki kwa yeyote anayetaka mkulima wa Nhica aiache bunduki, hata iwe ndogo namna gani.