Ujira wa Mtoto Mwenye Kusoma

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Mtoto wa Kibimba, na wa vijiji vingine vya Ngara na Biharamulo, aamkapo alfajiri kazi mbili humngoja: kazi ya nyumbani na kazi ya kusoma. Kuna maji ya kuteka, kuni za kukata, mbuzi wa kuchunga, na maharage na kahawa za kuchuma yakifika majira yake. Baba anayetaka mwanawe asikose shule wala chuo huiona njia iliyo karibu: humwahidi fedha. Akihudhuria juma zima atapata kitu, na akipata alama njema atapata zaidi. Jirani yake asikiapo hayo huchukizwa, akasema kwamba ilimu haina bei, na mtoto aliyezoea kulipwa ataacha kusoma siku fedha itakapokatika.

Je, ni nani katika wawili hawa aliye na haki? Jawabu ni kwamba kila mmoja ameshika upande mmoja wa haki. Baba ana haki katika tendo lake, na jirani ana haki katika khofu yake.

Ama tendo lenyewe, asili yake ni halali. Wanavyuoni wa Kishafii wameweka katika vitabu vyao mlango wa juala, nao ni ujira anaoahidiwa mtu kwa kazi atakayoitimiza. Katika Sura Yusuf, aya ya 72, mna khabari ya aliyeahidiwa shehena ya ngamia akileta kopo la mfalme lililopotea. Na katika Hadithi sahihi mna khabari ya masahaba walioahidiwa kundi la kondoo wakimsomea mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu. Walimsomea Al-Hamdu akapoa, wakapewa kondoo wao, na Mtume (s.a.w.) akawakubalia. Na mtoto asiyebaleghe hajafikwa na faradhi. Basi haiwi kwamba amelipwa kwa jambo lililokuwa wajibu juu yake.

Tena jambo hili si jipya. Imepokewa kwamba baba yake Ibrahim bin Adham alimwahidi mwanawe dirhamu moja kwa kila Hadithi atakayoisikia na kuihifadhi, na kwa njia hiyo kijana akaitafuta Hadithi. Naye Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameeleza katika Ihya kwamba mtoto huvutwa chuoni kwanza kwa mchezo, kisha kwa nguo nzuri, kisha kwa cheo, na mwisho kwa kuitamani Akhera. Hii ni ngazi. Aliye chini hakamati kipago cha juu kwa mara moja. Na aliyekwisha panda hana haja tena ya kipago cha chini.

Na Ghazali mwenyewe ni ushahidi wa maneno yake. Alipokuwa mdogo alifiwa na baba, na mali aliyoachiwa yeye na ndugu yake ilipokwisha, mlezi wao aliwashauri waingie madrasa wapate posho ya wanafunzi. Wakaingia kwa ajili ya chakula. Baadaye alikuwa akisema kwamba waliitafuta ilimu kwa ajili isiyokuwa ya Mwenyezi Mungu, nayo ilimu ikakataa ila iwe ya Mwenyezi Mungu. Basi asidharauliwe mtoto aliyeingia mlangoni kwa sababu ya mkate.

Lakini khofu ya jirani nayo ina mahali pake, kwa kuwa mambo hayo yamejaribiwa katika zama hizi na matunda yake hayakuwa sawa. Katika mji wa Chicago, Marekani, mwaka wa masomo wa 2008 na 2009, wanafunzi waliahidiwa dola 50 kwa kila alama ya juu kabisa, na chini yake kwa kadiri. Mitihani ilipopimwa, haikuonekana kwamba ilimu yao imezidi. Katika mji wa Dallas watoto wadogo walipewa dola 2 kwa kila kitabu walichokisoma na kujibu maswali yake. Hao kusoma kwao kukatengenea. Tofauti yao i wazi. Kusoma kitabu kumo mkononi mwa mtoto, bali alama ni mwisho wa safari ambayo huenda haijui njia yake. Amwambiaye mtoto alete alama wala asimwonyeshe la kufanya leo usiku, amemwonyesha matunda bila ya kumpa ngazi.

Karibu zaidi ni khabari ya Kenya ya magharibi. Mwaka 2001 na 2002, katika wilaya za Busia na Teso, wasichana wa darasa la sita waliofaulu sana waliahidiwa kwa kila mwaka, muda wa miaka miwili, shilingi 500 za ada kwa shule yao na shilingi 1,000 kwa jamaa zao za kununulia vifaa, pamoja na kusifiwa mbele ya watu. Busia alama zilipanda, hata kwa wasichana ambao tamaa ya kushinda kwao ilikuwa ndogo, na walimu wakazidi kuhudhuria. Teso baadhi ya shule zilijitoa, na faida haikudhihiri. Basi ahadi hustawi penye kuaminiana.

Kwa hivyo, anayetaka kumpa mtoto ujira na ayashike haya.

Kwanza, atimize. Mwanamke mmoja alimwita mwanawe kwa kumwahidi kitu, Mtume (s.a.w.) akamuuliza alitaka kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa, ingaliandikwa juu yake kuwa ni uwongo. Mtoto aliyedanganywa shilingi moja amefundishwa somo ambalo mwalimu hawezi kulifuta.

Pili, kipimo kijulikane tangu mwanzo, na kazi iwe katika uwezo wa mtoto. Aliyekosa shule kwa homa, au kwa kumwuguza mama yake, asihesabiwe mtoro. Na ndugu asiye mwepesi wa kufahamu awekewe kazi yake na ujira wake, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ameamrisha uadilifu baina ya watoto.

Tatu, fedha itoke kwa mzazi au kwa mhisani. Watoto wakichanga, kisha mshindi akatwaa yote, hiyo ni kamari.

Nne, fedha aliyoipata mtoto ni mali ya mtoto. Walii huihifadhi na kuitumia kwa maslaha yake, wala hana ruhusa ya kuila. Na fedha ya mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambayo sehemu yake ilifungamanishwa na mahudhurio ya watoto shuleni, ikishikwa na baba akaimaliza nje, na mtoto akaenda darasani na njaa, huyo ameila amana. Ni aibu mtoto atembee mwendo mrefu kwa miguu yake, na ujira wa miguu hiyo uliwe na mwingine.

Tano, kila atoapo fedha atoe na neno. Amwambie mtoto kwamba hii ni furaha ya baba kwa juhudi yake, na kwamba ujira ulio mkubwa uko kwa Mwenyezi Mungu. Kisha mtoto akuapo, fedha ipungue na neno lizidi.

Na mwisho, zawadi isisahaulishe haki ya maskini. Imam Shafii alikuwa yatima, mama yake hana cha kumlipa mwalimu. Mwalimu akaridhika amshikie watoto kila anapoondoka, na huo ukawa ndio malipo yake. Lau mwalimu yule angalimfukuza, umma wote ungalipata khasara. Pengine katika vilima vya Kibimba yuko mtoto wa namna hiyo, hakosi akili, bali amekosa daftari. Huyo hahitaji kushindanishwa. Ahitaji kushikwa mkono.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wa Waislamu ilimu yenye manufaa, na awajaalie wazazi wao kutimiza ahadi. Amin.