PUMZIKO LA NANI?



Mchoraji Mfaransa Antoine Watteau, aliyefariki mwaka 1721, alichora kwa chaki nyekundu, nyeusi na nyeupe. Aliwachora mabibi na mabwana waliovaa hariri, wakistarehe kwa muziki na mazungumzo. Ni picha za kupendeza. Lakini ni nani waliowalimia chakula mabwana kama hao? Ni wakulima, waliobeba kodi nzito ambayo makabaila walisamehewa. Mwaka 1789 hasira yao ililipuka.

Ndugu zangu, kustarehe si dhambi. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Lakini someni tena Kutoka 20: amri ya Sabato inamtaja pia mtumwa, mjakazi, mgeni, hata mnyama.

Basi tujiulize hapa Songea. Jumapili, baada ya Ibada, tunakaa kivulini na wageni wetu. Binti anayetupikia yuko wapi? Kibarua aliyepalilia mahindi yetu amekwisha lipwa? Pumziko linalomnyima mwenzetu pumziko lake si Sabato ya Bwana. Jumapili ijayo tuje nao kanisani, kisha tukae nao mezani.

Bwana awabariki. Amina.