Hatia Hairithiwi. Je, Deni?

Soma 2 Samweli 21:1–3 na Ezekieli 18:19, 20. Je, mtu anaweza kudaiwa kwa jambo ambalo hakulitenda yeye mwenyewe?

Mwaka 1872 serikali ya Kanada ilipitisha sheria ya kugawa ardhi katika nyanda za majani za magharibi. Mlowezi alilipa ada ya dola 10, akapewa ekari 160. Kama katika muda wa miaka 3 angejenga nyumba, akaishi humo na kulima sehemu ya ardhi hiyo, ilikuwa yake. Kwa kuwa miti ilikuwa michache, wengine walikata mabonge ya udongo yenye majani, wakayapanga kama matofali na kupata kuta. Walivumilia majira ya baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Hawakuwa wavivu, na wengi wao walikuwa watu wa sala.

Lakini ardhi hiyo haikuwa tupu. Mwaka 1876 watu wa kabila la Cree na majirani zao waliingia Mkataba wa Sita na serikali. Kila jamaa ya watu watano iliahidiwa maili 1 ya mraba, pamoja na zana za kilimo, mbegu na msaada wakati wa njaa. Miaka michache baadaye nyati waliokuwa chakula chao walitoweka. Jamii ya Young Chippewayan ilikuwa imetengewa maili za mraba 30 mahali panapoitwa Stoney Knoll, katika jimbo la leo la Saskatchewan. Njaa iliwalazimisha kutoka kwenda kutafuta chakula. Mwaka 1897 serikali iliitwaa ardhi yao bila ridhaa yao wala fidia, ikaigawa kwa walowezi: kwanza Wamennonite, na baadaye Walutheri.

Hapa swali linakuwa zito. Mkulima wa Stoney Knoll hakuiba. Serikali ilimpa hati halali. Mjukuu wake hakuwa hata amezaliwa. Tena Ezekieli anafundisha wazi kwamba kila mtu atajibu kwa dhambi yake mwenyewe. Je, shauri limekwisha?

Biblia haituruhusu tuishie hapo. Wakuu wa Israeli waliwaapia Wagibeoni kwamba wataishi (Yoshua 9:15). Sauli akakivunja kiapo hicho. Baada ya Sauli kufa, njaa ya miaka 3 ilikuja katika siku za Daudi, na Daudi alipomwuliza Bwana akaambiwa sababu. Angeweza kujitetea kwamba kosa lilikuwa la mfalme mwingine. Badala yake aliwaita Wagibeoni, akawauliza awatendee nini. Yaliyofuata katika sura hiyo ni magumu, wala hatuyachukui kuwa kielelezo. Lakini swali la Daudi lilikuwa swali la haki.

Mafungu haya mawili hayapingani. Ezekieli anasema juu ya hatia. Habari za Wagibeoni zinahusu deni. Msibani, kabla ya urithi kugawanywa, ndugu hutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Hakuna anayemhesabu mtoto kuwa ndiye aliyekopa. Lakini mtoto anayelipokea shamba na kulikana deni la shamba hilo hajatenda haki. Jasho huongeza mazao ya ardhi. Haliwezi kufuta madai ya aliyenyang'anywa.

Wengine watasema, “Tukianza kuuliza hivyo, nani atabaki na shamba lake?” Hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, mwaka 2006 wazao wa Young Chippewayan walikutana na Wamennonite na Walutheri pale pale Stoney Knoll. Hawakutaka wakulima wafukuzwe. Pande zote zilitia sahihi hati ya maelewano, na waumini wakachanga fedha za kutafiti nasaba, ili wazao hao waweze kuidai serikali haki yao. Wakulima wangeweza kunyamaza nyuma ya hati zao. Walipokubali kusikiliza, waligundua kwamba jirani hakuja kuwafukuza.

Mara nyingi tunaliogopa jibu la mtu ambaye hatujamwuliza lolote. Mambo ya Walawi 25:23 inatukumbusha kwamba nchi ni ya Bwana, nasi ni wageni kwake. Mgeni hakosi kitu kwa kuuliza kiti alichokalia ni cha nani.

Je, kuna kitu unachokitumia leo, shamba, nyumba, au hata elimu, kilichokufikia kwa sababu mtu mwingine alipunjwa? Ni nani ambaye bado hujamwuliza, “Nikutendee nini?”