Shura Baada ya Kushindwa

Kwa nini mwalimu ashirikishwe kupanga mpango wa shule? Kwenye semina jibu hutoka upesi: ili mpango uwe bora. Mimi ni mwalimu wa taaluma hapa Ifakara, semina hizo nimeziendesha mwenyewe, bango kitita ukutani na kalamu rashasha mkononi, na jibu hilo haliniridhishi. Mpango uliopangwa na wote nao huharibika. Ukiharibika, tutasema nini?

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) uanze mwaka 2002 ruzuku hufika shuleni, na kila shule inatakiwa kuwa na Mpango wa Jumla wa Maendeleo. Ziko shule ambako ule wa mwaka jana hubadilishwa tarehe tu, walimu wakaitwa kusaini mahudhurio.

Shule moja ya huku bondeni ilifanya vingine. Mwalimu wa darasa la pili alisimama kikaoni akaeleza kwamba mpunga ukianza kutoa masuke, watoto wake huhamia mashambani na wazazi, wakalala kwenye madungu na kuamia ndege tangu alfajiri. Akaomba walimu wawili wawafuate huko, wafundishe jioni ndege wakishatulia. Ombi likapita. Mwaka ule mto ukafurika, njia ikakatika, darasa likafa kabla ya wiki kuisha. Mwaka uliofuata mpango ukarudi ofisini. Si tuliwasikiliza? wakasema wa ofisini.

Nikakumbuka vita vya Uhud. Mwaka wa 3 wa Hijra Mtume (S.A.W.) aliona afadhali kubaki Madina, wengi, hasa vijana, wakataka kutoka kuwakabili maadui. Akakubali rai yao. Wakashindwa, na Hamza, ami yake, akauawa. Aya ya 159 ya Sura Aali Imran, ambayo wafasiri huihusisha na siku ile, haikufunga mlango wa mashauriano. Ilimwamuru awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao. Amri hiyo iliwahusu watu ambao rai yao ilikuwa imetoka kushindwa! Basi kushauriwa ni haki ya atakayeubeba uamuzi, nayo haikuwekewa sharti la kushinda.

Mwenzangu Mkatoliki aliniuliza: na fedha za umma zilizopotea? Swali zito, ruzuku ni kidogo, na shilingi iliyokwenda mashambani ingenunua chaki. Lakini ni mipango mingapi ya ofisini imeharibika, na nani aliwahi kusema ofisi isiulizwe tena?

Kwa hiyo sitaki siku nzima ya mafunzo iishie kwenye kujaza jedwali la bajeti. Walimu wakuu wafundishwe kuketi na aliyeshauri jambo likashindikana, wamuulize kilichotokea, wampe nafasi tena. Mwalimu yule wa darasa la pili ameshajua madungu yapi yako kwenye mwinuko usiofikiwa na maji, na njia ipi hupitika masika. Hakuna mwingine shuleni anayeyajua hayo. Kikao kijacho cha mpango nitaomba aanze yeye kuzungumza.