Ukilipia kila kitu, je, bado wewe ni mgeni?

Zimeenea katika pwani yetu hoteli zinazouzwa kwa maneno matatu tu: "kila kitu kimo". Unalipa mara moja kabla hujafika. Ukishalipa, chumba kimo, chakula cha asubuhi, mchana na usiku kimo, vinywaji vimo, bwawa la kuogelea limo, hata ngoma ya usiku imo. Huulizi bei, hubishani na mtu, hugusi mfuko mpaka siku ya kuondoka.

Swali ninalotaka tulitazame ni hili. Mtu aliyepewa kila kilichoandikwa kwenye risiti yake, kisha akarudi nyumbani hakuridhika, je, huyo amekufuru neema? Au ipo haki aliyoikosa, ambayo haiandikiki kwenye risiti?

Mtindo huu haukuanzia kwetu. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Gérard Blitz, alianzisha Club Méditerranée kwa kufungua kambi ya mahema katika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Ulaya ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, na nia yake ilikuwa watu wapumzike pamoja wakiwa wamesahau habari ya pesa. Katika miaka ya 1980 visiwa vya Karibi, Jamaica ikiwa mbele, viliupanua mtindo huo ukawa biashara kubwa. Kwetu ulishika pwani ya Kenya, na katika miaka ya 1990 ukaota mizizi Unguja, pale wawekezaji wa Kitaliano walipoingia Kiwengwa. Leo ni jambo la kawaida, na wateja wake si Wazungu peke yao. Sisi wa mijini pia tunadunduliza tukaonje.

Mimi ni mmoja wao. Mwaka juzi, pamoja na mke wangu na watoto wawili, tulikaa siku nne katika hoteli moja ya aina hiyo upande wa mashariki wa Unguja. Jina lake si muhimu, kwa kuwa nisemayo yangeweza kutokea katika nyingine nyingi.

Mlangoni tulivishwa bangili za plastiki mkononi. Kuanzia hapo bangili ndiyo iliyosalimiwa. Mhudumu alitazama mkono kabla ya uso. Kwenye bufee sahani zilijazwa milima ya chakula na kuachwa zimeguswa pembeni tu, kwani mtu anapokuwa amekwishalipa, kubakisha hakumuumi. Surat Al-A'raf, aya ya 31, inakataza israfu katika kula na kunywa, na pale israfu ilikuwa sehemu ya mapambo. Tulikuwa hatua mia moja kutoka baharini, lakini samaki wa mezani alikuwa kipande cheupe kisicho na mwiba wala jina. Nilipouliza ni samaki gani, kijana aliyekuwa akihudumu alicheka kwa aibu akasema, "Mzee, anakuja kwenye boksi." Lafudhi yake niliitambua. Alikuwa kijana wa kwetu kusini, wa Newala. Tukataka kuzungumza habari za nyumbani, lakini hakuruhusiwa kusimama na mteja.

Nje ya kamba iliyotenganisha hoteli na ufukwe kulikuwa na akina mama wa mwani wakipita na magunia yao, na mtoto mmoja akiuza madafu. Mke wangu alipomwita yule mtoto, askari wa lango alimfukuza. Ndani, juisi ilikuwa ya paketi. Jioni muziki uliwashwa wakati uleule wa Magharibi, adhana ya msikiti wa kijiji ikasikika kwa vipande. Niliuliza njia ya msikitini nikaambiwa wageni wanashauriwa wasitoke usiku. Msikiti wenyewe ulikuwa mwendo wa dakika tano.

Nilikwenda. Baada ya sala mzee mmoja aliniuliza natoka wapi. Nilipomtajia Mahurunga, alishika mkono wangu akanivuta tukae. Ujanani alikuwa akienda dago na wenzake kusini, wakapiga kambi Msimbati, na alikuwa bado anawakumbuka wenyeji waliowapa maji. Kesho yake alfajiri, baada ya sala, hakuniuliza kama nimechoka. Aliniambia tu, "Njoo utusaidie kuvuta chombo." Nikakunja suruali nikaushika mzinga wa kamba pamoja na vijana. Tulipomaliza walinipa vibua wanne kwenye mfuko. Langoni nikaambiwa chakula cha nje hakiruhusiwi. Nikampa askari yule yule aende nao kwa wanawe.

Sasa turudi kwenye swali letu. Wapo watakaosema kasoro iko katika biashara yenyewe. Hoja hiyo si ngeni. Mwaka 2014 kulikuwa na mjadala Saudi Arabia kuhusu bufee ya kula upendavyo, pale Sheikh Saleh Al-Fawzan aliposema kwamba kinachouzwa sharti kijulikane kiasi chake. Msingi wa hoja ni katazo la gharar, yaani kuuziana kisichojulikana. Upande wa pili wapo wanaojibu kwa mfano wa hamamu. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, anaeleza kuwa wanazuoni wamekubaliana juu ya kuingia hamamu kwa ujira, ingawa watu hutofautiana katika kutumia maji na muda wa kukaa. Tofauti ndogo ambayo desturi imeizoea haibatilishi mauziano. Mimi si mufti, na hukumu nawaachia wenyewe. Ila naona kwamba hata tukikubali kwamba mauziano yale ni sahihi asilimia mia, jambo linalouma linabaki palepale. Hoteli haikunidhulumu hata senti moja. Niliandikiwa chumba nikapewa chumba, nikaandikiwa chakula nikapewa chakula.

Kilichokosekana nakijua kwa sababu nimelelewa nacho. Mahurunga ipo kusini kabisa mwa Mtwara, jirani na Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu walivuka mto ule na watoto mgongoni. Wengi waliwakuta upande wa kwetu ndugu wa lugha moja na ukoo mmoja. Walipewa mkeka, maji na chakula. Kisha wakaonyeshwa mahali pa kulima. Waswahili tunasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitaja methali hii kana kwamba ni maneno ya mwenyeji aliyechoka kulisha. Wale waliovuka mto hawakuielewa hivyo. Mtu uliyempa jembe umemwambia: nakuamini na ardhi yangu, kaa, wewe sasa ni wa hapa. Asiyepewa jembe anabaki mpita njia, hata akilishwa mwaka mzima.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya alfajiri ile ya kamba na siku nne za bangili. Hoteli ya "kila kitu kimo" hukuuzia kwa bei kubwa kitu kimoja hasa, nacho ni kuondolewa kila wajibu. Huna wa kumsalimia, huna wa kumshukuru, huna wa kumrudishia hisani. Lakini ugeni ni mahusiano ya wawili, na mahusiano husimama kwa wajibu wa pande zote. Ukiufuta wajibu wako wote kwa malipo ya mapema, umeufuta na ugeni wenyewe. Unakuwa mdai. Na mdai kazi yake ni kukagua kama amelipwa sawasawa, ndiyo maana watu ndani ya hoteli zile hushinda wakilalamikia ubaridi wa supu.

Hapa pana upinzani wa kweli, na aliyenipa ni mke wangu. Alisema: "Wewe unataka jembe kwa kuwa nyumbani hulishiki. Mimi siku nne sikuosha sahani, na hiyo kwangu ilikuwa rehema." Maneno haya yana uzito. Mama anayepika mwaka mzima ana haki ya kupumzika bila kuambiwa avute chombo. Vilevile kijana yule wa Newala ana mshahara, na mshahara ule unasomesha wadogo zake. Sitaki mtu asome makala hii akadhani nahubiri hoteli zifungwe.

Ila tuulize: je, ili mama yule apumzike, ilikuwa lazima mtoto wa madafu afukuzwe? Ili asioshe sahani, ilikuwa lazima samaki atoke kwenye boksi na vibua vya kijiji vizuiwe langoni? Mapumziko na ukuta ni vitu viwili, isipokuwa tumeuziwa pamoja mpaka tukadhani ni kimoja. Dini yetu imeitilia mkazo haki ya jirani, na haikumwondoa jirani katika haki hiyo kwa kuwa tuko likizo. Anayelala kwenye nyumba ya kukodi kwa siku nne naye ana majirani kwa siku nne.

Jambo hili linatuhusu sana watu wa Mtwara, kwa sababu zamu yetu haiko mbali. Fukwe za Msimbati na Ruvula ni nyeupe na bado ni tulivu. Tangu mwaka 2000 eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na wavuvi wetu wamekwisha kuonja maana ya kuambiwa wapi wavue na kwa nyavu zipi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga isafirishwe kwa bomba kwenda Dar es Salaam kabla hawajaona faida yake. Damu ilimwagika. Tuliokuwa na uchungu ule tunajua maana ya kitu kuwa chako na kisiwe na nafasi yako ndani yake.

Basi siku mwekezaji akija na ramani ya hoteli, wazee wetu wasiulize idadi ya ajira peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti. Eneo lisilozidi hekta 250 haliwezi kuhawilishwa kutoka ardhi ya kijiji bila mkutano huo kuridhia. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo imeweka zuio la shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Sauti hiyo itumike kuuliza maswali ya wenyeji: Samaki watanunuliwa kwa nani? Mama wa chaza na mvuvi watapita wapi maji yakipwa? Mgeni akitaka kuja msikitini au sokoni, ataambiwa njia au ataambiwa asitoke? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, kwa kuwa ahadi za mdomo tumezisikia nyingi.

Na sisi wa mijini, ambao tukishapata posho ya Idi tunatafuta mahali pa kupeleka watoto, tuna sehemu yetu. Kabla ya kulipa tuulize hoteli inanunua wapi samaki na mboga zake, na kama lango lake linafunguka pande zote mbili. Tukishafika, tujue jina la anayetuandalia kitanda. Tupakue tunachoweza kumaliza. Tutoke, tununue dafu kwa mwenye mnazi, tusali na wenye msikiti, na tukiombwa mkono wa kusaidia tuutoe. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachouzwa mapokezi, na bila hivyo mtu anaweza kumaliza siku nne pwani asiwe ametembelea mahali popote.