Nani Atamfundisha Kiziwi?

Kakontwe, huko Likasi, yajulikana kwa mawe yake ya chokaa. Asiye fundi huona mawe matupu. Fundi ajua kuyavunja na kuyachoma katika tanuru, hata yawe chokaa ya kujengea. Jiwe halina kosa, lamngoja fundi.

Vivyo hivyo mtoto kiziwi. Mara nyingi huitwa mjinga, naye huachwa nyumbani wenzake waendapo mafundishoni. Lakini akili anayo, na roho yake imeumbwa kwa mfano wa Mungu. Akosacho ni mwalimu ajuaye lugha ya ishara. Akiugua, daktari hafahamu aumwapo. Akitaka kuungama, padri haelewi mikono yake. Je, kosa ni la kiziwi?

Marko Mtakatifu, katika sura ya 7, asimulia jinsi watu walivyomletea Bwana Yezu kiziwi. Bwana alimtenga na makutano, akamgusa masikio na ulimi, akatazama mbinguni. Alisema naye kwanza kwa ishara, ili macho yake yafahamu. Ndipo akatamka: Effeta, maana yake, Funguka.

Watakatifu walifuata njia hiyo. Mwaka 1605 Askofu Fransisko wa Sales alimkuta kiziwi aitwaye Martin, asiyefundishwa dini. Akamfundisha mwenyewe kwa ishara, hata akampa Komunyo ya kwanza. Mwaka 1963 Kanisa lilianzisha shule ya viziwi huko Tabora, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Mwaka 1965 Roma ilikubali lugha ya ishara itumike katika Ibada. Mlango u wazi, lakini walimu ni wachache mno, kwa maana kazi hii haijulikani kwa huruma tu. Yataka kusomewa miaka.

Wakati wa ubatizo padri humgusa mkatekumeni masikio na kinywa, akilitaja neno lile la Bwana. Basi aliyefunguliwa masikio asimsahau aliyefungwa. Amtafute kiziwi wa kijiji chake, ajifunze ishara zake, amlete mafundishoni. Na kijana apendaye kusomea ualimu wa viziwi, wazazi wasimzuie.

Majina ya wale waliomleta kiziwi kwa Bwana hayakuandikwa. Lakini pasipo mikono yao, nani angalimfikisha?