SOMO LA MWEZI: SIKIA LILE NENO ZITO
(2 Wafalme 4:18-37)



Nawasalimu wote wa makazi yetu ya Rwamwanja: wazee wa kanisa, akina mama wa maombi, vijana na watoto. Mwezi huu Bwana amenipa somo kwa ajili ya kila mmoja anayetembelea wagonjwa na wafiwa. Na nani kati yetu hatembelei?

Hapa kwetu ukimuuliza mtu habari, atajibu, "Tuko tu, tunamshukuru Mungu." Yule mama Mshunemu alijibu hivyo hivyo. Mtoto wake alikuwa amekufa magotini pake. Akapanda punda mpaka mlima Karmeli kwa Elisha. Gehazi alipomuuliza habari zake, za mume wake na za mtoto, alijibu kwa salamu ya kwao tu: ni salama. Je, alikuwa anadanganya? Hapana. Uchungu mkubwa hautolewi njiani kwa kila anayesalimia.

Alipofika alishika miguu ya Elisha. Gehazi alitaka kumsukuma, lakini nabii akamkataza, kwa maana aliona kwamba nafsi yake ina uchungu. Akakiri pia kwamba Bwana hakumfunulia jambo lenyewe. Nabii mzima hakujua! Basi akanyamaza, akasikiliza. Soma mstari wa 28 polepole. Mama yule hasemi popote kwamba mtoto amekufa. Anauliza tu kama yeye ndiye aliyeomba mwana. Katika maneno yake yote, Elisha alilisikia hilo moja: mwana. Likamtosha.

Sasa nikiri kosa langu mbele yenu. Ninaeleza kwa ruhusa ya mwenyewe, bila jina. Nilimtembelea mama mmoja aliyekimbia kutoka Rutshuru mwezi wa 7 mwaka 2012, akapitia Bunagana na Nyakabande mpaka hapa. Tulizungumza habari za posho na shamba. Katikati akasema, "Nilifunga mlango, Pasta." Baadaye tena, "Ule mlango niliufunga mwenyewe." Mimi nikafikiri anasikitikia vitu vyake vilivyoibiwa. Nikamsomea habari za Ayubu kurudishiwa mali, nikaomba, nikaaga. Akasema, "Amina." Miezi mitatu hakuonekana kanisani.

Tulirudi kwake na Mama Mchungaji. Akataja tena mlango, na mkono wake ukakunjwa kama mtu anayebana kufuli. Safari hii sikufungua Biblia. Nikamwambia tu, "Mama, umesema mlango." Nikanyamaza. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaanza kulia, akaacha Kiswahili, akasema kwa Kinyabwisha. Ndani ya nyumba ile alibaki mama yake mzazi, ambaye hakuweza kutembea. Mzee mwenyewe ndiye aliyemwomba afunge mlango aende na watoto. Tangu mwaka 2012 alikuwa hajamwambia mtu yeyote.

Wapendwa, mimi nilikuwa nimesoma mambo haya. Kwenye chuo cha Biblia, katika ushauri wa kichungaji, tulijifunza habari za Carl Rogers, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902. Alianza kusomea theolojia kule New York, kisha akahamia saikolojia. Alifundisha washauri kumrudishia mtu kwa upole kile alichosema, badala ya kukimbilia kumpa majibu. Mtihani nilifaulu, lakini mbele ya yule mama nilianguka.

Basi tufanyeje?

1. Sikia neno linalorudi. Mtu akilitaja mara mbili au tatu bila kuulizwa, hapo ndipo pamejaa.

2. Angalia mwili na lugha. Sauti ikishuka, macho yakienda chini, au mtu akirudia lugha ya nyumbani, angalia amefika kwenye neno gani.

3. Mrudishie neno lake, si lako. Akisema "mlango", usimwambie "una huzuni ya vita." Sema "mlango", kisha unyamaze. Asipotaka kuendelea, usimlazimishe. Kidonda ni chake.

4. Tunza siri. Neno ulilopewa nyumbani kwa mtu lisikutangulie kufika bombani.

5. Ukisikia "nimechoka kuishi" au "afadhali nisingekuwapo", usipite. Muulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Usimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya, na maombi yafuatane naye.

Tazameni jambo la mwisho. Elisha alimtanguliza Gehazi na fimbo, aiweke juu ya uso wa mtoto. Mtoto hakuamka. Nabii ilimbidi afike mwenyewe, aingie chumbani, aombe na kujilaza juu ya mtoto mpaka mwili ukapata joto. Mara ngapi tunamtupia mtu mstari mmoja kama fimbo ile, halafu tunaondoka? Neno la Mungu lina nguvu, lakini aliyelibeba naye anatakiwa kuingia chumbani.

Mama yetu yule bado anamlilia mama yake. Lakini amerudi ibadani, na jina la mama yake sasa tunalitaja katika maombi. Mzigo uliobebwa na mtu mmoja, leo unabebwa na kanisa.

Tuombe: Ee Bwana, wewe unayesikia hata kuugua kusiko na maneno, utupe masikio kabla ya kutupa midomo. Kwa jina la Yesu, amina.

Wiki hii mtembelee mtu mmoja, ukae, usikilize.

Ndugu yenu katika Kristo,
Mchungaji wenu